Tumaini la Baada: Kuvunjika Moyo na Kushikilia katika Kusadikika, Dunia Uwanja wa Fujo na Sauti ya Dhiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule ulioandikwa tangu miaka ya 1970, kuna desturi ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Mwandishi anayekata tamaa huhesabiwa kuwa amekomaa, na yule anayetumaini huhesabiwa kuwa bado mchanga. Shaaban Robert husomwa kama mtu mwema aliyeota ndoto. Euphrase Kezilahabi husomwa kama mtu aliyeamka. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hujifunza mapema kuandika neno "udhanifu" kando ya jina la kwanza na neno "uhalisia" kando ya jina la pili, na aghalabu mjadala huishia hapo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mgawanyo huo una kasoro kwenye msingi wake. Unachukulia kuwa tumaini hutangulia na kuvunjika moyo hufuata, kana kwamba tumaini ni ujana na kuvunjika moyo ni utu uzima. Kazi tatu zitakazoangaliwa hapa, yaani Kusadikika (1951), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Sauti ya Dhiki (1973), zinaonyesha mpangilio mwingine: tumaini lililotangulia ndilo huvunjika kwa urahisi, na lile lenye uzito huzaliwa baada ya mtu kuvunjika moyo, huku akijua fika kwamba huenda akavunjika tena.

Lugha yenyewe inastahili kuulizwa kwanza. Mswahili anapofikia mwisho wa matumaini husema kwamba "amekata tamaa". Neno linalotumika hapo ni lile lile linalotumika kwa uchu na ulafi, lile linaloonywa katika methali "Tamaa mbele, mauti nyuma". Kwa hiyo anayekata tamaa hukata kamba ambayo, katika mazingira mengine, angesifiwa kwa kuikata. Utata huu si wa bahati mbaya. Wenye lugha walitambua kwamba kutazamia jema ni jambo linaloweza kumwokoa mtu au kumwangamiza, na hawakuona haja ya kuunda maneno mawili. Lakini palipohitaji tofauti waliiweka. Kutaraji ni kungojea jambo lenye sura na wakati: hutajwa mume mtarajiwa, na hutarajiwa mgeni wa Ijumaa. Kutumaini ni kupana zaidi, na kwaweza kudumu hata Ijumaa ikapita bila mgeni. Matarajio yakikosa kutimia huwa yamekwisha. Tumaini likikosa kutimia huwa limejeruhiwa tu. Tofauti hii ndogo itahitajika katika usomaji unaofuata, kwa sababu wahakiki wengi wanaodai kuonyesha kufa kwa matumaini katika riwaya fulani huwa wameonyesha kufa kwa matarajio.

Methali nazo hazikubaliani, na ni vyema zisikubaliane. "Mtumai cha ndugu hufa maskini" ni onyo kali, lakini likitazamwa kwa makini halimkatazi mtu kutumaini. Linamkataza kuweka tumaini lake katika mali ya mwingine. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa haimwahidi mhunzi koleo jingine. Inasema tu kwamba kazi ya uhunzi ni kubwa kuliko chombo kilichovunjika. Mhunzi huyo ameshapata hasara, na methali inaanza pale hasara ilipomwacha.

Kezilahabi alimpa mhusika mkuu wa Dunia Uwanja wa Fujo jina la Tumaini, na ni ajabu kwamba jina hilo hupitwa haraka sana katika uhakiki, au husomwa kama kejeli tupu. Tumaini wa riwaya hii ni kijana wa Ukerewe aliyerithi mali ya babaye Kapinga. Anaitapanya mali hiyo kwa anasa, kisha anajirekebisha, anaanza maisha ya ndoa na kugeuka mkulima mwenye shamba kubwa. Siasa ya Ujamaa inapofika na shamba lake kutakiwa, anamwua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Msomaji wa Tanzania wa mwaka 1975 hangekosa kukumbuka kisa cha Iringa cha tarehe 25 Desemba 1971, ambapo Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Kwa hiyo riwaya haikubuni mgogoro kutoka hewani.

Hata hivyo, suala la kuuliza ni hili: Tumaini alitumaini nini? Tumaini lake la kwanza alilirithi pamoja na fedha. La pili alilipanda shambani, likawa sawa na shamba. Hakuna wakati wowote ambapo tumaini lake linasimama mbali na kitu alicho nacho. Ndiyo maana shamba linapoondoka hakubakiwi na chochote ila bunduki. Usomaji unaodai kwamba Kezilahabi ameonyesha ubatili wa matumaini yote ya binadamu unampa mwandishi hitimisho kubwa kuliko ushahidi alioutoa. Alichokionyesha, na kwa ustadi, ni hatima ya tumaini ambalo halijapata kuvunjwa hata mara moja, likakutana na pigo lake la kwanza likiwa halina mazoezi. Tumaini ni mtu wa matarajio aliyepewa jina lisilo lake.

Jambo hilo hilo laweza kusemwa, kwa kifupi zaidi, kuhusu Kazimoto wa Kichwamaji (1974). Msomi huyu anajiua baada ya mtoto wake kuzaliwa na kichwa kikubwa, alama ya maradhi ambayo dalili zake msomaji ameshaziona katika nyumba ya Manase. Kifo chake kimesomwa sana kwa jicho la falsafa ya udhanaishi, na usomaji huo una haki yake. Lakini Kazimoto anakata tamaa mapema mno katika fikra, na matukio yanakuja nyuma yake kama mashahidi waliokwisha kupangwa. Anauliza maswali makubwa kuhusu maisha huku akiwa hajawahi kujifunga kwa jambo lolote ambalo lingeweza kumwangusha. Haiwezekani kumvunja moyo mtu ambaye hajauweka moyo wake mahali popote. Huu si upungufu wa riwaya. Yamkini ndiyo maudhui yake halisi. Upungufu ni wa wahakiki wanaomchukua Kazimoto kama kipimo cha ukweli na kuwapima wahusika wengine kwake.

Kezilahabi mwenyewe hakuwa msomaji mvivu wa Shaaban Robert. Tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Na kazi zake za baadaye, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ni masimulizi ya safari na utafutaji. Mtu aliyekata tamaa kabisa hafungi safari. Mstari ulionyooka kutoka kwa mwotaji wa Tanga hadi kwa mwamkaji wa Ukerewe ni mstari uliochorwa na wahakiki.

Kusadikika ni nchi iliyo angani, na kwa sababu hiyo imekuwa rahisi kuichukulia kuwa ndoto. Lakini msomaji akiweka kando jiografia yake ya ajabu na kuangalia kinachotendeka ndani ya baraza, atakuta mojawapo ya hadithi zenye kushindwa kwingi katika fasihi ya Kiswahili. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hatumii nafasi hiyo kuonyesha kwamba jambo lake litafanikiwa. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alivumilia shida za safari, kila mmoja alirudi na shauri jema, na kila mmoja alilipwa kifungo.

Ni utetezi wa namna gani huu? Wakili yeyote angemshauri mteja wake asitaje kesi sita zilizoshindwa kabla ya yake. Karama anazitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kupunguza chumvi wala kuongeza sukari. Hapa ndipo tuhuma ya udhanifu inapopoteza nguvu. Mdhanifu ni mtu asiyezijua hesabu. Karama anazijua kuliko washtaki wake, na amezikariri mbele yao. Anajua kwamba nchi yake huwafunga watu wa namna yake. Anajua kwamba wa sita hakupata funzo lililomzuia kwenda, ingawa watano walimtangulia gerezani. Anachokifanya ni kuigeuza orodha ya kushindwa kuwa hoja. Mbele ya baraza ile orodha inaacha kuwa sababu ya kunyamaza na kuwa deni ambalo nchi inadaiwa. Wale sita walikuwa wamekwisha kushindwa, lakini kushindwa kwao kulikuwa hakujasimuliwa mahali pamoja hadi aliposimama mtu wa saba.

Muundo wa riwaya unalitumikia wazo hilo. Wahakiki wamelalamika, na si bila sababu, kwamba visa vya wajumbe vinafanana mno, kwamba msomaji akisha kukijua kimoja anajua vyote vitakavyoishia. Lakini kuchoka huko kwa msomaji ni sehemu ya jambo lenyewe. Kufikia mjumbe wa nne au wa tano, msomaji hatarajii tena mwisho mwema. Matarajio yamekwisha kuuawa na marudio. Akiendelea kusoma, anaendelea kwa sababu nyingine, na sababu hiyo nyingine ndiyo ambayo Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyeandika chini ya utawala usioomba maoni yake, alikuwa akiitafuta.

Kasoro ya Kusadikika iko kwenye mwisho. Mfalme anaguswa, Karama anaachiliwa, wajumbe wote sita wanafunguliwa. Waliomlaumu mwandishi hapa walikuwa na haki. Baada ya kuonyesha tumaini linaloweza kuishi bila thawabu, riwaya inakimbilia kulipa thawabu, tena kwa mkono wa mtawala yule yule ambaye baraza lake lilifunga watu. Mwisho huo unamrudisha msomaji katika matarajio: subiri, mfalme ataelewa. Mhakiki anayetaka kulitetea tumaini katika fasihi hana budi kulikiri hili waziwazi, maana ukombozi unaotoka juu ni sarafu ambayo watawala wa Afrika Mashariki wameitumia sana. Wananchi wamehimizwa kusubiri tangu uhuru, na waliohimiza hawakuwa wakisubiri pamoja nao.

Swali linalobaki ni kama fasihi ya Kiswahili imewahi kushikilia alichokishika Karama bila kumhitaji mfalme. Jibu liko katika Sauti ya Dhiki.

Mazingira ya diwani hiyo yanajulikana, lakini mfuatano wake wa wakati haujatiliwa maanani inavyostahili. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, aliandika karatasi ya kisiasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akiwa mwanachama wa KPU. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu Machi 1969 na kuachiliwa Machi 1972. Mashairi aliyatunga kifungoni, mengine yakiandikwa juu ya karatasi za chooni. Basi itazamwe anwani ya ile karatasi iliyomfunga. Ni swali, na ni swali linaloulizwa miaka mitano tu baada ya uhuru na mtu ambaye tayari ameona kwamba njia si ile iliyoahidiwa. Kuvunjika moyo kulikuwa kumeshatokea kabla ya mlango wa gereza kufungwa. Hakuna anayeweza kuyasoma mashairi haya kama matumaini ya mtu ambaye bado hajapata habari.

Na anwani za mashairi mawili maarufu katika diwani zinafaa kusomwa kisarufi. "N'shishiyelo ni Lilo" imejengwa kwa umbo la kitenzi cha Kimvita linaloeleza hali iliyokwisha kuingia na ambayo ingali ipo: kile nilichokwisha kukishika na ambacho mkono haujakiachia. "Siwati" ni kanushi ya wakati uliopo. Mshairi hakuchagua kusema kwamba hatawata. Ahadi ya wakati ujao inaweza kuvunjwa na wakati ujao. Kauli ya wakati uliopo inathibitishwa kila inaposemwa. Anwani zote mbili zimeepuka kiambishi -ta-. Tumaini hapa halitazami tarehe wala halibashiri chochote. Ni kazi ya mkono, ni kushika. Kwa hiyo halina uhusiano wa lazima na kufaulu, na kushindwa hakuna njia ya moja kwa moja ya kulifikia. Mtu anaweza kuambiwa kwamba alichokitarajia hakitakuja, lakini hawezi kuambiwa kwamba hajashika alichokishika.

Si kwamba wakati ujao haumo kabisa katika diwani. "Mamba" linamwonya mnyama anayejiona kuwa mwenye mto kwamba ana mwisho wake, na "Jipu" limejengwa juu ya uvimbe unaouma hadi uive na kutumbuka. Lakini hata hapa la kuzingatia ni aina ya ujao unaotajwa. Jipu halipasuki kwa huruma ya mtu yeyote. Linaiva kwa mwendo wake lenyewe, na kabla ya kuiva linazidi kuuma. Mfano huo unampa msomaji tumaini ambalo haliwezi kutenganishwa na maumivu yanayoongezeka, kinyume kabisa cha msamaha wa ghafula wa Kusadikika. Na "Telezi", pamoja na taswira yake ya mvua na ardhi inayoteleza, linakiri kwamba anayetembea anaweza kuanguka. Diwani isiyokuwa na shairi kama hilo ingetiliwa shaka. Mashairi ya msimamo yangesikika kama majigambo kama pasingekuwa na lile linalojua utelezi.

Fani nayo ina neno la kusema. Mfungwa huyu aliyekuwa peke yake aliendelea kutunga kwa kufuata arudhi: vina vya kati na vya mwisho, mizani iliyokamilika, ubeti ulioshonwa. Katika miaka hiyo hiyo mjadala wa vina na mizani ulikuwa ukichemka, na Kichomi (1974) cha Kezilahabi kilikuja kuutia kuni. Waliouona urari wa vina kuwa pingu hawakuuliza unamfanyia nini mtu aliye katika pingu za chuma. Kina cha kwanza humfunga mtunzi kulipa kina cha pili. Anayeandika mshororo mmoja wenye kina gerezani amejiwekea deni dogo ambalo lazima aishi hadi mshororo ufuatao ili alilipe. Zaidi ya hayo, vina ni vya sikio. Kuyapanga mashairi kwa sauti katika chumba kisicho na msikilizaji, juu ya karatasi ambayo askari angeweza kuichukua na kuitupa saa yoyote, ni kutumaini kwa vitendo, na hatari ya kuvunjika moyo ilikuwa pale pale mkononi, nyepesi kama karatasi yenyewe.

Pingamizi moja laweza kutolewa. Mfungwa wa miaka mitatu anaijua siku yake, hesabu inamsaidia. Hali ni tofauti kwa aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa, ambaye hana hukumu wala tarehe. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa Kamiti kwa namna hiyo kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978, na Alamin Mazrui alikamatwa mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kutoka tamthilia yake Kilio cha Haki. Kwa mtu wa hali hiyo matarajio ni sumu hasa, kwa kuwa kila uvumi wa kuachiliwa unaopita bila kitu humwacha chini zaidi ya alipokuwa. Pingamizi hili ni la kweli, ila badala ya kuidhoofisha hoja linainoa. Ndipo inapoonekana wazi kwamba lazima matarajio yaachwe ili tumaini libaki, na kwamba mtu anaweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili. Mazrui alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988. Katama Mkangi, ambaye naye alionja kizuizi katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi mwaka 1995, riwaya inayoanza na mtu aliyetiwa ndani ya chombo ili apelekwe kufa angani. Angani tena, kama Kusadikika. Lakini safari hii hakuna mfalme wa kungojewa, na Dzombo anaokoka kwa kujifunza kukiendesha chombo kilichokusudiwa kumwua.

Darasani jambo hili halina mbali. Wanafunzi wanaosoma kazi hizi leo katika vyuo vya Kenya wamekulia katika nchi iliyotumaini mwaka 2002, ikavunjika moyo vibaya mwishoni mwa 2007, ikatumaini tena kwa katiba ya 2010. Wakifundishwa kwamba kukata tamaa ndiyo alama ya akili pevu, watalipokea funzo hilo upesi, maana linaafikiana na walichokiona na halidai chochote kutoka kwao. Kazimoto ni mhusika mwepesi kuigwa. Ni vigumu zaidi kuwaeleza kwa nini mjumbe wa sita alikwenda.

Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973 na Oxford University Press. Mwaka uliofuata ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi. Mwotaji angeliona tukio hilo kuwa ni msamaha wa mfalme, na aliyekata tamaa angeliona kuwa ni mzaha. Katika diwani hakuna shairi linaloomba lolote kati ya hayo mawili. Wakati tuzo inatolewa mshairi alikuwa amekwisha kuhama nchi na kwenda Dar es Salaam. Kutoka huko angekwenda London mwaka 1979, na Leipzig katika miaka ya 1990. Kimvita alichotungia kifungoni alikwenda nacho.